Bei ya kusubiri: hesabu ya dadu katika mchezo wa Catan

Nilikuwa na vijiji viwili, na vyote viwili vilikuwa vimegusa namba 8. Namba nyekundu, vitone vitano chini yake, pembe ambazo kila mtu mezani alizikodolea macho. Mizunguko mitatu ikapita, mitupo 12, na 8 haikuonekana hata mara moja. Aliyekaa kushoto kwangu alikuwa kwenye 4 na 10, pembe tuliyomwachia kwa sababu hakuna aliyeitaka, na mbao zilikuwa zinammiminikia kana kwamba kazihonga dadu. Niliondoka nikiamini dadu zile zina kasoro. Usiku huo nikashika kalamu nikapiga hesabu. Uwezekano wa 8 kutotokea katika mitupo 12 ni asilimia 16.6, yaani karibu mara 1 katika 6. Huo ni karibu uwezekano uleule wa kupata 7 kwa mtupo mmoja. Na 7 tunaiona kila baada ya dakika chache, hakuna anayeshangaa.

Tangu hapo nimeacha kuziuliza dadu zitaleta nini. Hesabu ya uwezekano haijui mtupo unaofuata, wala haidai kuujua. Inachokijua ni bei: pembe hii itakulipa kiasi gani ukikaa nayo muda mrefu, na kuisubiri namba fulani kutakugharimu mitupo mingapi. Ukishazijua bei hizo, maamuzi mengi ya mchezo huu yanabadilika, na machache yanageuka juu chini.

Kwa ambaye hajawahi kuucheza: Catan ulibuniwa na Mjerumani Klaus Teuber, ukatolewa Ujerumani mwaka 1995, na mwaka huohuo ukatwaa Spiel des Jahres, tuzo ya mchezo bora wa mwaka nchini humo. Ubao ni kisiwa cha vigae 19 vya pembesita. Misitu minne hutoa mbao, mashamba manne ngano, malisho manne kondoo, vilima vitatu matofali, milima mitatu chuma, na kigae kimoja ni jangwa lisilotoa kitu. Kila kigae, ukiacha jangwa, kina namba yake. Mwenye zamu anatupa dadu mbili na kujumlisha; kila mwenye kijiji kwenye pembe ya kigae chenye namba iliyotoka anachukua karata moja ya zao la kigae hicho, na mwenye mji anachukua mbili. Karata ndizo mtaji. Barabara ni mbao na tofali. Kijiji ni mbao, tofali, ngano na kondoo. Kukipandisha kijiji kuwa mji ni ngano mbili na chuma tatu. Wa kwanza kufikisha pointi 10 ndiye mshindi.

Njia 36

Dadu moja haina upendeleo: nyuso sita, kila uso una nafasi sawa. Mambo hubadilika unapojumlisha mbili. Chukua dadu nyekundu na dadu nyeupe. Nyekundu inaweza kulala kwa namna sita, na kwa kila moja ya hizo nyeupe nayo ina namna zake sita. Jumla ni njia 36, zote sawa. Sasa hesabu ni ngapi kati ya hizo zinazozaa kila jumla. Mbili ina njia moja tu, 1 na 1. Saba ina njia sita, kwa sababu chochote kitakachotokea kwenye nyekundu, kuna uso mmoja wa nyeupe wa kukikamilisha.

Rangi zile mbili si pambo. Gottfried Leibniz, mmoja wa waasisi wa kalkulasi na akili kubwa kuliko nyingi za zama zake, aliandika kwamba kupata 11 na kupata 12 kuna uwezekano sawa, kwa kuwa kila moja hupatikana kwa njia moja: 6 na 5 kwa ile, 6 na 6 kwa hii. Zipake dadu rangi, kosa lake linaonekana papo hapo. Nyekundu 6 na nyeupe 5 ni tukio moja. Nyekundu 5 na nyeupe 6 ni jingine. Kumi na moja ina njia mbili, na kwa hiyo huja mara mbili ya 12.

Ukiendelea hivyo utapata ngazi inayopanda na kushuka: 2 na 12 njia moja moja, 3 na 11 mbili, 4 na 10 tatu, 5 na 9 nne, 6 na 8 tano, na 7 juu kabisa na sita. Vile vitone vidogo vilivyochapwa chini ya namba kwenye ubao ndizo njia hizo. Kitone kimoja ni nafasi moja kati ya 36. Ndiyo maana vinajumlishika: pembe inayogusa 6, 5 na 10 ina vitone 5, 4 na 3, jumla 12, na 12 katika 36 ni theluthi. Kijiji pale kitakulipa, kwa wastani, karata moja kila mitupo mitatu, nani anatupa si hoja.

Namba 2 na 12 zipo mara moja moja ubaoni, nyingine zote (ukiacha 7, ambayo haipo) mara mbili mbili. Vitone vyote vya kisiwa ni 58 kwenye vigae 18, wastani wa 3.2 kwa kigae. Kwa hiyo pembe ya kawaida ya vigae vitatu ina takriban vitone 10. Na kwa kuwa kanuni hairuhusu namba nyekundu, yaani 6 na 8, kupakana, pembe bora inayowezekana ina 13. Ukiona 12, unatazama kitu adimu.

Wengi huishia hapa. Wanajumlisha vitone, wanachagua pembe yenye jumla kubwa, wanaweka kijiji. Hiyo ni hatua ya kwanza tu, na nitaonyesha mfano ambapo hatua hiyo peke yake inakupotosha.

Kwa nini 4 inaweza kuishinda 8

Turudi kwa yule jirani wa kushoto. Tuseme mchezo wa watu wanne una mizunguko 15, mitupo 60. Namba 8 inatarajiwa kutokea mara 8.3, namba 4 mara 5. Lakini neno "inatarajiwa" limebeba mzigo mkubwa. Katika mitupo 60, kutokea kwa 8 mara 6 ni jambo la kawaida, na mara 11 pia. Kwa 4, kawaida ni kati ya 3 na 7. Angalia jinsi masafa hayo mawili yanavyopandana. Ukipiga hesabu yake, takriban mchezo 1 kati ya 7 wa urefu huo 4 itatoka mara nyingi kuliko 8. Basi jirani yangu hakuwa na dadu za uchawi. Ulikuwa tu mmoja wa michezo ile.

Ukame nao tunauchukulia vibaya. Nimesema mitupo 12 bila 8 ni mara 1 katika 6, lakini hiyo ni ukianza kuhesabu kutoka mtupo mmoja maalumu. Ukiuliza kama ukame wa urefu huo utajitokeza mahali popote ndani ya mitupo 60, jibu ni kwamba hutokea katika zaidi ya nusu ya michezo. Ukikaa kwenye 8, panga ukijua kwamba kuna kipindi cha mizunguko mitatu ambacho hutapata kitu kutoka hapo. Hujui tu kitaanza lini.

Na kikianza, hakikuambii kitaisha lini. Mezani utasikia, "8 lazima ije sasa, imechelewa mno." Dadu hazina daftari la madeni. Baada ya mitupo 12 ya ukame, uwezekano wa 8 kwenye mtupo wa 13 ni 5 katika 36, uleule wa mtupo wa kwanza. Nimeona watu wakilimbikiza karata wakiisubiri namba "iliyochelewa", kisha 7 ikawafyeka nusu ya karata. Ni kosa linaloniuma kulitazama, kwa sababu mtu huyo mara nyingi amecheza vizuri hadi hapo.

Bei ya kusubiri yenyewe ina kanuni nyepesi: gawanya 36 kwa vitone. Namba yenye vitone vitano huja, kwa wastani, kila mitupo 7.2. Yenye vitatu, kila mitupo 12. Yenye viwili, kila mitupo 18, ambayo kwa meza ya watu wanne ni mizunguko minne na nusu. Lakini kuna jambo la kuangalia ndani ya wastani huo. Uwezekano wa 8 kutokea angalau mara moja katika mitupo 5 ya mwanzo ni asilimia 53. Zaidi ya nusu ya nyakati unasubiri mitupo 5 au pungufu, ila wastani ni 7.2, kwa kuwa zile nyakati chache za ukame mrefu zinauvuta juu. Mimi natumia wastani ninapochagua mahali pa kukaa, kwani pale nitakaa mchezo mzima. Ninapoamua la zamu hii, kama nisubiri au nijenge kilichopo, natazama uwezekano wa ndani ya mzunguko mmoja.

Vitone 24 kwa namna mbili

Chukua wachezaji wawili. Wa kwanza ana vijiji kwenye 6-5-10 na 8-9-4. Wa pili ana 6-5-10 na tena 6-5-10, kwenye vigae vingine vyenye namba zilezile. Kila mmoja ana vitone 24. Kwa muda mrefu watapata karata sawasawa: mbili kwa kila mitupo mitatu. Aliyehesabu vitone tu atasema hawana tofauti.

Sasa uliza swali jingine: kuna uwezekano gani wa mzunguko mzima wa mitupo minne kupita bila kupata chochote? Wa kwanza ana namba sita tofauti, hivyo mitupo 24 kati ya 36 inamlipa, na theluthi moja tu haimlipi. Kukosa mara nne mfululizo ni theluthi mara theluthi mara theluthi mara theluthi, yaani 1 katika 81. Wa pili analipwa na theluthi moja tu ya mitupo, ingawa akilipwa anapata karata mbili kwa pamoja. Kukosa mara nne kwake ni 16 katika 81, karibu asilimia 20. Mzunguko mmoja kati ya mitano atakaa mikono mitupu.

Mwanzoni mwa mchezo mikono mitupu ina gharama kubwa, kwa sababu pembe nzuri zinagombewa na anayewahi ndiye anayechukua. Kwa hiyo vijiji viwili vya kwanza navitawanya namba. Mimi nilifanya kinyume siku ile ya 8, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu halisi. Dadu hazikunikosea.

Hata hivyo kurudia namba si ujinga kila mara. Kama 9 yako moja iko msituni na nyingine kilimani, basi 9 ikitoka unapata mbao na tofali kwa pamoja, barabara kamili, na unaijenga zamu yako ikifika bila kubaki na nusu ya mahitaji. Vivyo hivyo kwa ngano na chuma. Mazao yanayotumika pamoja yakija pamoja hayakai mkononi muda mrefu, na tutaona punde kwa nini kukaa mkononi ni hatari. Kurudia ninakokukataa ni kule kwa kujipanga kwenye namba moja kwa sababu tu ni nyekundu, bila kuangalia inaleta nini.

Pembe ya vitone 7 dhidi ya vitone 11

Huu ndio mfano niliouahidi. Kijiji chako cha kwanza kiko kwenye msitu wa 6, shamba la 5 na malisho ya 10: vitone 12, mbao, ngano na kondoo. Cha pili unachagua kati ya pembe mbili. Moja ni shamba la 9, malisho ya 5 na msitu wa 4, vitone 11. Nyingine ni kilima cha 10, shamba la 3 na mlima wa 11, vitone 7 tu. Mkono unakwenda wenyewe kwenye 11.

Usimame kwanza, utazame unachotaka kujenga. Hatua inayofuata kwa kawaida ni barabara moja na kijiji: mbao mbili, matofali mawili, ngano moja, kondoo mmoja. Ukichagua pembe ya vitone 11 una vitone 23 kwa jumla na huna tofali hata moja. Tofali utalinunua benki kwa karata nne zinazofanana. Matofali mawili ni karata nane, ongeza nne za mahitaji mengine, jumla 12. Kwa mwendo wa karata 23 kila mitupo 36, karata 12 zinakuchukua mitupo 19 hivi.

Ukichagua pembe ya vitone 7 una vitone 19, vitatu kati yake vya tofali. Baada ya mitupo 15 na ushei utakuwa, kwa wastani, na tofali moja na robo na karata nyingine karibu saba. Nne zinatosha mbao, ngano na kondoo. Tatu zilizobaki zinalipia robo tatu ya tofali iliyopungua. Umejenga mitupo mitatu na zaidi kabla ya yule wa vitone 11. Na nimekadiria kwa kumhurumia yule: nimechukulia kwamba karata zake zitapangika nne nne zinazofanana bila kubaki mabaki, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Zaidi ya hayo, kanuni inampa kila mchezaji karata za mwanzo kutoka vigae vya kijiji chake cha pili. Kwenye pembe ya vitone 7 unaanza mchezo na tofali mkononi.

Hesabu hii ina sharti lake. Matofali yakiwa yamejaa mezani, utayapata kwa wenzako kwa kubadilishana moja kwa moja, na hapo mwenye vitone 23 anajenga kwa mitupo 9 hadi 10 na kumtangulia yule mwingine. Kwa hiyo kabla sijaweka kijiji cha kwanza najumlisha vitone vya kila zao kisiwani. Inachukua nusu dakika. Katika ubao niliouelezea, tuseme vilima vingine viwili vina 3 na 11: vitone vyote vya tofali ni 3, 2 na 2, jumla 7 kati ya 58. Vigae vitatu vya kawaida vingekuwa na karibu 10. Tofali litakuwa adimu, hakuna atakayeliachia kwa bei ya kawaida, na kijiji kimoja kwenye kilima kile cha 10 kinashika karibu nusu ya matofali yote yatakayotoka. Karata yako moja hapo itauzwa kwa mbili, pengine tatu. Uhaba ndio unaopandisha thamani ya kitone. Matofali na chuma, kwa kuwa na vigae vitatu badala ya vinne, ndiyo mazao ya kuyatazama kwanza.

Saba, na swali la mcheza kamari Mfaransa

Namba 7 haiko kwenye kigae chochote, lakini ndiyo inayotoka mara nyingi kuliko zote. Ikitoka, kila mwenye karata zaidi ya saba anatupa nusu, na aliyetupa dadu anamhamisha jambazi.

Tuseme unamaliza zamu yako na karata nane. Kabla hujapata nafasi ya kujenga tena, dadu zitatupwa mara nne: wenzako watatu, kisha wewe mwenyewe mwanzoni mwa zamu yako. Uwezekano wa kukwepa 7 mara zote nne ni 5/6 mara 5/6 mara 5/6 mara 5/6, yaani 625 katika 1296. Uwezekano wa kukutana nayo ni 671 katika 1296: asilimia 51.8.

Namba hiyo ina historia. Karne ya 17 nchini Ufaransa, Antoine Gombaud, aliyejulikana kama Chevalier de Méré, alishughulishwa na dau la kupata uso wa sita angalau mara moja katika mitupo minne ya dadu moja. Uwezekano wake ni uleule, asilimia 51.8, faida nyembamba kwa anayeweka dau. Kisha lilikuja dau la kupata sita mbili kwa pamoja katika mitupo 24 ya dadu mbili. Lilionekana kuwa na uwiano sawa, kumbe ni asilimia 49.1, hasara nyembamba. Maswali aliyompelekea mwanahisabati Blaise Pascal yalizaa barua kati ya Pascal na mwanahisabati mwenzake Pierre de Fermat mwaka 1654, na barua hizo huhesabiwa kuwa mwanzo wa hesabu ya uwezekano kama tunavyoijua. Kila unapokabidhi dadu ukiwa na karata nane, umeingia kwenye dau lilelile, na uko upande unaoshindwa.

Lakini hofu nayo ina bei, na hapa nadhani wachezaji wazuri wengi wanakosea. Mtu ana karata nane, anaogopa 7, anakimbilia benki: anatoa nne, anapata moja, anabaki na tano. Amepoteza karata tatu kwa uhakika. Angekaa, angepoteza nne kwa uwezekano wa asilimia 51.8, yaani wastani wa karata mbili na kidogo. Biashara ya hofu imemgharimu zaidi ya hatari aliyoikimbia. Mwenye bandari ya tatu kwa moja anapoteza mbili kwa uhakika dhidi ya mbili za wastani, hapo ni sare. Nenda benki pale tu ambapo ile karata moja inakamilisha jengo zamu hiyohiyo. Jengo halinyang'anywi na 7. Meza ya watu watatu hatari hupungua hadi asilimia 42, na sababu ya kukimbilia benki inapungua nayo.

Jambazi ndiye upande wa pili wa 7. Anapowekwa kwenye kigae, kigae hicho hakizai hadi ahamishwe, na anayemhamisha anaiba karata moja kwa mwenye kijiji pale. Bila karata za askari, ambazo nazo humhamisha, anahama kwa 7 tu, wastani wa mitupo 6. Akikaa juu ya 8 yako mitupo 6, kijiji kinapoteza wastani wa karata 0.83, mji mara mbili yake. Kwa mwenye kijiji basi, ile karata moja iliyoibwa inauma kuliko ukame wote unaofuata. Mwenye mji ndiye anayeumizwa na ukame. Na kwa kuwa kila mtu humpeleka jambazi kwenye 6 au 8, mimi sivihesabu vile vitone vitano kikamilifu. Vigae vya 5 na 9 havivuti macho, na hulala bila kusumbuliwa.

Pointi ya kumi

Mwishoni mwa mchezo wastani wa muda mrefu hauna kazi tena, kwa sababu muda mrefu haupo. Una pointi 9. Mkononi ngano mbili, chuma mbili, kondoo mmoja, na kigae chako cha chuma ni 8. Mpinzani naye ana 9. Ufanye nini?

Unaweza kununua karata ya maendeleo sasa hivi, kwa ngano, kondoo na chuma. Rundo lina karata 25, na 5 kati yake ni za pointi, ambazo unaruhusiwa kuzifunua papo hapo zikikufikisha 10. Ni asilimia 20. Au unaweza kusubiri chuma ya tatu upandishe mji: 8 angalau mara moja katika mitupo minne ni asilimia 45. Asilimia 45 ni kubwa kuliko 20, lakini ina thamani tu kama mpinzani hatamaliza kabla zamu haijakurudia. Gawanya 20 kwa 45, unapata 0.44. Ukiona nafasi ya yeye kushindwa kumaliza ni zaidi ya hapo, kwa ujumla subiri. Ukiona amekamilika, nunua.

Asilimia 20 nayo hubadilika kadiri mchezo unavyoendelea. Askari ni 14 katika rundo, na kila anayefunuliwa mezani anaondoka kwenye hesabu. Wakishaonekana askari sita, karata zisizojulikana zimebaki 19, na 5 za pointi kati ya 19 ni asilimia 26. Karata zilizofichwa mikononi mwa wengine bado ziingize kwenye zile 19, kwa sababu kwako hazijulikani sawa na zilizo kwenye rundo. Isipokuwa kama pointi za mpinzani zinazoonekana mezani ni 7 tu na ameshikilia karata mbili tangu katikati ya mchezo, jambazi amemkalia mara tatu na hakutoa askari hata mmoja. Karata hizo sizihesabu tena kama zisizojulikana. Nazihesabu kama pointi zake, naziondoa kwenye tano zangu, na natafuta jiwe langu la chuma kwa yeyote atakayekubali kubadilishana kabla sijampa dadu.